Pazia limefungwa, lakini mwenye nyumba anajua kuna mtu

Leo mwenye nyumba ameniuliza, "Mama Sauda, ukienda kazini, nani inabaki kutembea ndani ya nyumba?"



Mdogo wangu alikimbia kutoka Koboko siku tatu zilizopita. Mume wake anampiga, na ameapa kwamba akimpata atamuua. Nikamficha kwangu, mtaa wa Mvara, mlango kwa kufuli, pazia limefungwa. Hata jirani hajui.

Nikajibu, "Mzee, hakuna mtu."

Akanionyesha simu yake. Ile mashine ya waifai aliyotuwekea bure, kumbe mtu akipita chumbani mawimbi yake yanatikisika, na simu inampa habari. Asubuhi yote kuna mtu anatembea sebuleni. Na haina kamera, jamani.

"Mimi nilifikiri ni mwizi," akasema. "Halafu mutu moja ya Koboko alinipigia, anauliza kama uko na mgeni. Nilimwambia iko."

Alisema kwa upole tu. Hakujua.

Tumetoka na nguo tulizovaa, tukapanda boda. Tuko kwa rafiki, sitaandika wapi.

Sasa hivi mwenye nyumba amenipigia. Yule mwanaume amefika, anagonga mlango wangu.

Hapa pia kuna waifai ukutani. Nimeichomoa mbele ya macho ya mdogo wangu, lakini amekaa kwenye kiti tangu tufike, hasogei. Hata kuinuka kunywa maji hataki.

Ndugu zangu, nimwambie nini?