Sikio Juu ya Injini

Shemeji yangu muuza oili hakuuzii kopo kabla hajakusomea kitabu cha gari lako, kidole cheusi kikishuka mstari kwa mstari. Jana nilimwomba oili nzito, maana gari langu la tabo, ile feni ndogo inayoisukumia injini hewa, limezeeka. Akairudisha rafuni. "Shemeji, tabo inazunguka kama pia, tena motoni. Asali hii itaifikia saa ngapi?" Akachagua nyepesi iliyotajwa kitabuni, akamwaga ya zamani, akatia mpya bila kudondosha hata tone. "Haya, washa, washa." Akainamisha sikio juu ya injini, mkono hewani kuninyamazisha. Nikakanyaga mafuta. Mluzi mwembamba wa tabo ukapanda, safi kabisa. Akafumba macho, na mkono ule ule ukaanza kucheza ngoma.