Shemeji alivyoulisha mji wangu kwenye game, mimi nimejaza pamba tupu

Wakuu habari za mchana.

Hii sijaongeza chumvi hata kidogo. Nipo Bariadi, na shahidi ni mke wangu, Kulwa.

Kulwa ana kaka yake, Masanja, anaishi Lalago. Tangu nimuoe dada yake, jamaa alikuwa ananisalimia "mwadila" ya Kisukuma halafu basi, kanuna. Mke wangu alikuwa anaumia. Mimi pia, ila nilijifanya ngangari.

Mwezi uliopita akaja kututembelea. Sebuleni ikawa "mwadila" ile ile. Nikafungua laptop, nikawasha ile game ya kujenga miji, kulima na kufanya biashara.

Akasogeza kiti. Kumbe na yeye ni mgonjwa wa game hiyo hiyo kwenye simu!

Tukaanza match. Mji wangu nikauita Kulwa.

Sasa mimi nimekulia Zagayu, mtoto wa pamba. Nikapanda pamba kila kipande cha ardhi, chakula nanunua kwenye mji wa Masanja kwa trade route. Gold inaingia, natabasamu peke yangu.

Ukame ukaja.

Wanaocheza wanajua. Mwenye chakula anafunga route, mji wa jirani unaasi, anauchukua bila kutuma hata askari. Vihenge vya Masanja vimejaa mahindi. Wananchi wangu wameshaanza kuandamana. Nikasubiri kunyolewa.

Akauangalia mji wangu kwenye screen, akasoma jina.

"Shemeji, Kulwa alale njaa na mimi nipo?"

Akatuma misafara ya mahindi, bei akaweka sifuri. Jikoni mke wangu alicheka mpaka akaangusha mwiko.

Wakuu, nilifurahi kuliko siku zote nilizowahi kushinda. Game yenyewe hatukuimaliza, tulihamia kwenye stori za ng'ombe hadi ugali ukaiva.

Wakati namsindikiza stendi akaniuliza, "Na kule Zagayu mwaka huu umelima nini?"

Nikamjibu pamba.

"Pamba tu?"

Pamba tu.

Akatikisa kichwa, akapanda basi.

Juzi kondakta kanipigia nikachukue mzigo. Gunia la mahindi kutoka Lalago, limeandikwa kwa marker pen: MJI WA KULWA.

Nilichojifunza: pamba sawa, lakini mahindi yawe na sehemu yake, kwenye game na shambani. Na shemeji aliyenuna, mtafutie kitu cha kucheza naye.

Msimu ujao nusu ya shamba ni mahindi, na gunia la kwanza linapanda basi kwenda Lalago.

Nyie mashemeji zenu mliwalainishaje? Uwanja ni wenu.