Mama Wakesho Alifutwa Kazi kwa Kipimo Nilichoweka Mimi

Kosa lilikuwa langu. Nalisema hapa kwa watu nisiowajua kwa sababu wale niliopaswa kuwaambia sijawaambia, na nikijitazama kwenye kioo najitia kinyaa.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Voi. Ushirika mmoja wa wakulima kule Chawia, juu mlimani, uliniita niwawekee intaneti. Laini yao ni ya zamani, modemu inapiga simu kwanza ndipo data ipite, tena polepole. Nilikuwa na haraka ya kushuka. Nikaweka vipimo vile vile vya dukani kwangu, nikaondoka.

Baada ya siku mbili karani wao, Mama Wakesho, akanipigia. "Fundi, barua fupi zinaenda. Lakini nikituma orodha ya wakulima wanaosubiri mbolea inakwama katikati, kila mara."

Jamani, mama wa watu alikuwa amenipa jibu lote! Data husafiri kwa vipande, tunaviita pakiti. Vidogo vilipita. Vikubwa vilikwama kwa sababu niliacha kipimo cha pakiti kikubwa ambacho laini ile haikiwezi.

Mimi nikaona uvivu kupanda mlima. Mwenyekiti wa ushirika aliponiuliza nikamwambia, "Huyo mama hajui kompyuta, anabonyeza-bonyeza tu."

Orodha hazikufika, mbolea ikachelewa, mama akafutwa kazi. Alikuwa amekaa pale miaka kumi na moja.

Karani mpya naye akakwama vile vile. Ndipo nikapanda. Nikatuma pakiti ndogo, nikaongeza ukubwa kidogo kidogo mpaka zikagoma. Nikapunguza kipimo, nikibadilisha namba moja tu, na orodha ikaenda. Haikuchukua hata dakika kumi.

"Kumbe yule mama alikuwa ameiharibu mashine kabisa," mwenyekiti akasema. Nikatikisa kichwa kukubali. Fikiria mtu wa aina gani anafanya hivyo.

Wiki iliyopita nilimkuta Mama Wakesho sokoni Voi, anauza ndizi. Akanishika mkono. "Mwanangu, nisamehe. Nilikuharibia kazi yako." Akanipa kichane kizima.

Nilikipokea. Nikaenda nyumbani nikazila zile ndizi.

Wewe fundi unayesoma, mtu akikueleza shida msikilize, na upime kazi yako kabla ya kutaja jina lake. Mimi nimeshajiambia nitapanda Chawia nikamweleze mwenyekiti. Nilijiambia hivyo jana pia.