Siku Niliyoishusha Jeti Bukoba

Mimi ni mwalimu wa hisabati Muleba, na Jumamosi nyingi, ratiba ya shule ikiniruhusu, napanda gari asubuhi kwenda Bukoba kurusha ndege. Sina leseni ya urubani. Ndege zangu zote ziko ndani ya kompyuta, katika chumba cha nyuma cha nyumba moja Hamugembe, dirisha lake likitazama migomba. Watu wakiniuliza ninafuata nini Bukoba kila wiki huwa nasema nina kikao. Si uongo. Tulikuwa wanachama watatu na tulibishana kuliko baraza lolote la madiwani.

Mwenye nyumba ni fundi wa kompyuta, Mwislamu, babu yake alitoka pwani akaja kufanya biashara ya kahawa asirudi tena. Fundi huyu hapendi sana ndege. Anachopenda ni mashine yenyewe: prosesa, feni, kadi ya picha. Ukimwambia umeruka kutoka Mwanza hadi Entebbe bila shida, atakuuliza kadi ilipata joto kiasi gani.

Wa tatu ni mchungaji wa Kilutheri wa usharika mmoja Rwamishenye, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kumlaza mtoto, na anapenda ndege za kivita kupita kiasi. Wakati wa vita na Uganda alikuwa mtoto kijijini Kaagya. Jeti zilipopita juu ya kibanja cha baba yake wenzake walijitupa chini ya migomba wakilia, yeye akatoka kuchungulia. Alichapwa kwa ajili hiyo, na bado anasema yalikuwa mapigo halali, lakini ile sauti haijamtoka masikioni.

Mimi nilikuwa na ndege moja niliyoipenda kuliko zote, ya abiria, yenye mapangaboi mawili. Nilikuwa nimeipakua kama nyongeza, maana programu yenyewe ya kuigiza urubani huja na ndege chache na zilizobaki unazitafuta mwenyewe kwa watu wanaozitengeneza. Mchungaji naye alikuwa amepakua jeti ya zamani ya Kirusi, ya kiti kimoja, yenye pua kama bomba na mabawa mafupi ya pembetatu.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "ndege yako inakwenda kama inakwenda kliniki."

"Na yako inakwenda wapi, Mchungaji? Abiria wako wako wapi?"

"Abiria ni mimi."

"Basi hiyo si ndege, ni pikipiki inayopiga kelele."

Fundi alikuwa akicheka huku akifuta vumbi kwenye feni. Ubishi wetu ulikuwa hivyo, mwaka mzima. Niliona jeti ni kitu cha wanaume wanaotaka kutikisa mabati ya watu, na sikulificha hilo.

Kitu kimoja tulikubaliana wote: Bukoba ya ndani ya programu ilikuwa aibu. Njia ya kurukia ilikuwa na mawimbi kama shuka lililoanikwa juu ya vichaka. Katikati yake ilisimama miti mitatu. Mji wenyewe ulikuwa nyumba za kizungu zenye bomba la moshi juu ya paa, na ukingo wa ziwa ulipanda juu kama ukuta. Kisiwa cha Musira hakikuwepo kabisa. Tulikuwa na kikundi chetu mtandaoni, watu wa Dar, Arusha, Dodoma, wengine Kenya na Uganda, na kila wakipanga safari ya pamoja waliikwepa Bukoba kama nyumba yenye mbwa mkali.

Tukaamua kuijenga upya sisi wenyewe.

Kazi ile ilitugharimu miezi mingi. Uwanja wenyewe hatukuupiga picha, hilo lina taratibu zake. Tulitumia picha za satelaiti zilizo wazi kwa kila mtu. Mimi nilijifundisha programu ya kuchora, nikanyoosha njia ya kurukia kipande kwa kipande, nikishusha hapa, nikipandisha pale, mpaka ile ndege yangu ya abiria ikawa inapita bila kurukaruka. Fundi alipanga kila kitu kisiilemee kompyuta. Mchungaji alikusanya mji. Akienda kutembelea wagonjwa alirudi na picha za mapaa: bati jekundu, bati lililopata kutu, kanisa, msikiti, soko. Waumini walimzoea. Waliona Mchungaji amesimama barabarani anapiga picha ya paa, wakapita tu.

Tulipoiweka kwenye kikundi watu walifurahi sana. Mama mmoja Mhaya anayeishi Arusha aliandika kwa mshangao wa Kihaya, "Mawe! Hapo ni kwetu kabisa." Niliusoma ujumbe ule kwenye gari la kurudi Muleba, nikausoma tena Kemondo, nikausoma tena.

Tatizo alilileta Mchungaji. Aliandika kwenye kikundi kwamba siku ya ufunguzi, wenzetu wote wakija kutua, naye angetua Bukoba na jeti yake.

Wataalamu wakamrukia. Njia ni fupi, wakasema. Jeti ile hutua kwa kasi kubwa mno, na mbele kuna ziwa. Mwenzetu wa Dodoma, mwenye kompyuta kubwa kuliko sote na ambaye mara nyingi ndiye aliyetuongoza redioni kama mtu wa mnara, akaandika kwamba hiyo jeti itakuwa chakula cha sangara.

Alikuwa mbali, huenda hakufikiri. Lakini sisi wa Bukoba tumewahi kulia ufukweni, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani na watu wake, na utani wa ndege na ziwa kwetu hauchekwi. Fundi aliifunika simu yake juu ya meza. Mchungaji aligeuka akatazama migomba.

"Nitaishusha," alisema hatimaye. "Mchana, mbele ya watu, kwenye ukumbi wa usharika. Na itasimama pale penye lami."

Hapo ndipo na mimi nilipoingia, nipende nisipende. Jeti sikuipenda, ila lami ile niliinyoosha mimi. Mtu akisema haitoshi, anasema hesabu zangu.

Majaribio ya kwanza yalikuwa mabaya. Jeti ilipita njia yote ikaishia nyasini, ikaishia kwenye uzio, mara nyingine haikugusa chini kabisa. Halafu kompyuta ikaanza kuchoka. Ile nyongeza ilikuwa na saa na swichi nyingi ndani ya chumba cha rubani, na zikiunganishwa na mapaa yote ya Mchungaji, kadi ya picha ilizidiwa. Picha iliganda sekunde ileile magurudumu yanapotaka kugusa.

"Hii haihitaji maombi," Fundi alimwambia Mchungaji. "Inahitaji hewa."

Akatafuta kadi nyingine, iliyokwishatumika lakini yenye nguvu zaidi, akaifunga. Kisha akaling'oa bati la ubavuni mwa kompyuta na kuisogezea feni ya mezani, ile kubwa ya sebuleni, ikipuliza matumbo ya mashine moja kwa moja. Mke wake alipita mlangoni akauliza wageni watapulizwa na nini. Picha zikalainika kama maji.

Mimi nilikaa na kikokotoo. Nikagundua Mchungaji anatua na mafuta karibu nusu tangi, kwa sababu aliogopa kuishiwa. Nilipiga hesabu ya safari kutoka Mwanza, nikamwachia mafuta ya kufika na ya kuzunguka mara moja, basi. Ndege ikawa nyepesi. Kisha nikamwonyesha mahali pa kugusa, mwanzo kabisa wa lami, na namna ya kushika pua juu ili mabawa yenyewe yakamate upepo. Mwishowe ni parashuti: jeti ile ina parashuti mkiani, unabonyeza kitufe inafunguka na kuivuta nyuma. Ukiifungua mapema unaanguka, ukichelewa umekwisha. Mchungaji aliweza mara moja tu, siku mbili kabla ya ufunguzi. Alipiga makofi peke yake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Waumini walikuja, majirani wa Fundi walikuja kutoka Hamugembe na kanzu zao na mabuibui yao, waendesha bodaboda waliacha pikipiki nje wakasimama nyuma. Tulitundika shuka jeupe mbele, projekta ikawaka, na Bukoba yetu ikatokea ukutani. Wazee walikuwa wakitafuna punje kavu za kahawa, kama desturi yetu, na kupitishiana.

Ndege za kwanza zilikuwa bado hazijafika alipoingia mzee wa kanisa, akamnong'oneza Mchungaji. Kulikuwa na mazishi Kaagya mchana ule. Mwinjilisti aliyepangiwa kuyaongoza alikuwa amepata homa kali, na familia ilikuwa imesimama kaburini ikisubiri.

Mchungaji alivua vifaa vya masikioni akaviweka mikononi mwangu.

"Tuahirishe," nilisema.

"Mazishi hayaahirishwi."

"Jeti, Mchungaji. Tuahirishe jeti."

"Watu wamekuja, Mwalimu. Na yule wa Dodoma yuko hewani."

"Mimi ndege hii siipendi. Unajua."

"Sikuombi uipende," alisema, akivaa koti. "Nakuomba uishushe. Hesabu ni zako."

Akatoka. Nilisikia bodaboda ikiwaka nje, nikabaki nimesimama na vifaa vyake mkononi, bado vina joto la masikio yake.

Fundi alinivutia kiti. "Kaa, dada yangu. Mashine iko tayari, ni wewe tu."

Wenzetu waliingia mmoja mmoja na ndege zao ndogo, wakipita juu ya Musira, wakitua. Watu hawakuangalia ndege, waliangalia mji. "Lile jekundu ni langu!" mama mmoja alipaza sauti, akasimama kabisa, "waitu, jamani, angalieni, lile jekundu!" Jirani yake akalitafuta la kwake. Ukumbi ukawa kama mnada. Mimi wakati huo nilikuwa juu ya ziwa na jeti ya mtu.

Mara ya kwanza nilikuja juu mno. Niliona lami ikinipita chini nikajua haitawezekana, nikasukuma nguvu zote, jeti ikanguruma na kupanda.

Mafuta yalikuwa ya mzunguko mmoja. Nilikuwa nimeyapima mwenyewe.

Nilipogeuka juu ya maji nilifanya ninachowaambia wanafunzi wangu kabla ya mtihani: acha kutazama swali zima, tazama mstari ulio mbele yako. Kasi. Nikaishusha kidogo. Urefu. Nikashusha tena. Njia ikaja, nyembamba, nyeusi, na nikaona kwamba naifahamu. Kila kipande cha lami ile nilikuwa nimekigusa kwa mkono wangu. Najua panapoinuka kidogo, najua panapolala. Hakuna rubani wa jeti duniani aliyeijua njia ile kuliko mimi mwalimu wa Muleba.

Magurudumu yakagusa mwanzo wa lami. Nikashika pua juu, nikangoja, nikangoja, kisha nikaiacha ishuke.

"Sasa!" Fundi alipiga kelele.

Lakini nilikuwa nimeshabonyeza. Parashuti ilifunguka nyuma kama kanga iliyoshikwa na upepo, jeti ikavutwa kwa nguvu hata mimi nikaegemea mbele kwenye kiti cha plastiki. Breki. Nyasi za mwisho zilikuja, zikakua, zikapunguza mwendo, zikasimama. Mbele ya pua ilibaki lami, tena lami ya kutosha.

Sijui nani alianza kupiga vigelegele. Nakumbuka mama wa bati jekundu amenikumbatia na kiti changu kwa pamoja. Nakumbuka wazee wa Hamugembe wakipeana mikono kana kwamba ni Idi, na Fundi ameinama anaikumbatia kompyuta yake iliyo wazi ubavu, feni ikimpuliza usoni. Mimi nilikuwa nacheka, na machozi yananitoka, na siwezi kuachia joistiki, kile kishikio cha kuongozea ndege.

Redio ikakoroma. "Nimenyoosha mikono, Mwalimu," alisema mtu wa Dodoma. Kisha, "Na ule utani wangu wa sangara. Kuna mtu amenieleza. Nisameheni wote hapo."

Nikaisogeza sauti juu ili ukumbi usikie. Mzee mmoja akajibu kwa Kihaya kwamba yamekwisha, nami nikamtafsiria yule wa Dodoma.

Mchungaji alirudi watu wakiwa bado wanakunywa chai. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa kaburi na koti limeloa mvua. Alitazama shuka ukutani, akaiona jeti yake imesimama mwisho wa njia na parashuti imelala nyuma yake, akakaa kwenye benchi la mbele.

"Nionyeshe," alisema.

Tulimwonyesha rekodi. Ile ya kwanza iliyoshindikana alitikisa kichwa. Ya pili aliitazama bila kupepesa, na parashuti ilipofunguka alinigeukia akasema taratibu, "Umeshika pua juu kuliko mimi."

"Kidogo."

"Si kidogo. Na bado unasema huipendi?"

"Nimeipenda, Mchungaji."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akavua koti lililoloa, akapangusa mikono kwa leso na kuja kukaa kwenye kile kiti cha plastiki. Fundi alimjazia mafuta kiasi nilichomtajia, akaigeuza ile feni vizuri. Mchungaji aliigeuza jeti ikaelekea ziwani, akaniuliza kwa macho, nikaitikia kwa kichwa.

Akasukuma nguvu zote. Spika za kanisa zilitetemeka, vikombe vya chai vikagongana mezani, na jeti ikakimbia ile lami yetu yote, ikainuka, ikapita juu ya maji na kuzunguka kuurudia mji, na ukumbi mzima ukasimama kutafuta mapaa yao.