Mashine Iliyojibu kwa Niaba Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu wa shamba la mkonge alinikalisha mbele ya redio ya mawasiliano akaniambia, "Bonyeza kitufe, vuta pumzi, ndipo useme. Ukiwa na haraka, neno la kwanza linabaki hapa hapa." Nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu. Kazi yangu ilikuwa kuita ofisi ya Tanga asubuhi na jioni, kuandika nilichoambiwa, na kumsomea tena aliyekisema mpaka akubali kwamba ndivyo. Miaka ile sukari na sabuni vilikuwa vya foleni, karatasi nazo hazikuwepo, hivyo niliandika nyuma ya fomu za zamani. Ujumbe ambao mtu wa upande wa pili hajasema "nimekupata" ulihesabiwa haujaenda.

Mkonge ulipodorora, nilichukuliwa na hospitali moja ya misheni iliyoko juu milimani. Ilikuwa na ofisi ndogo hapa Same mjini, nami niliwekwa pale kuagiza dawa na mafuta na kupitisha habari za wagonjwa. Kisha biashara zikafunguliwa, vitu vikaanza kuingia nchini: televisheni, mitumba, mpaka kompyuta. Mganga Mkuu alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaorusha mawasiliano kwa kupenda na si kwa biashara. Alileta kompyuta mbili zilizotumika, moja ya hospitali na moja ya Same.

"Sauti zetu zinapotea njiani," aliniambia. "Sasa tutatuma maandishi hewani."

Ofisi yetu ilikuwa imefichwa na kilima. Nyumba yangu ndiyo iliyokiona vizuri kilele tulikofunga kituo cha kupokezana, kilichotumia betri ya gari na paneli ya jua. Kwa hiyo kompyuta ikaja kukaa nyumbani kwangu, juu ya meza ya kushonea ya mke wangu, Mama Elia.

"Cherehani yangu itakaa wapi, kichwani kwako?" aliuliza. Lakini alihamisha vitambaa vyake.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Programu inakata maandishi kuwa vipande vinavyoitwa pakiti, kila kimoja kikiwa na jina la kilikotoka na la kinakokwenda. Modemu ya redio inavigeuza kuwa mlio, na kituo cha kileleni kinaurusha upande wa pili. Kompyuta inayopokea ikikuta kipande ni kizima, inarudisha jibu yenyewe. Jibu lisiporudi, kipande kinatumwa tena.

Niliingiza programu kutoka diski tatu, kisha nikajaza faili la mipangilio: alama ya kituo chetu, kasi, na mlango wa kompyuta ambamo modemu imechomekwa. Jumamosi mbili mlio ulitoka na hakuna kilichorudi. Fundi aliyetoka Dar es Salaam alisema antena ni mbovu, akaondoka. Mimi nilimkumbuka yule Karani Mkuu. Redio yetu ilikuwa kuukuu, ilihitaji muda wa kuamka kabla ya kusema. Katika faili kulikuwa na mstari unaoiambia modemu isubiri kiasi gani baada ya kufungua redio. Nikauongeza. Muda si muda herufi zikaanza kutokea kwenye kioo: "Hapa hospitali. Mnatupata?"

Nilikodoa macho tu. Mama Elia alikuwa nyuma yangu, mikono imejaa unga. "Mjibu basi, mtoto wa watu anasubiri!"

Hapo ningeishia. Lakini nilikuwa nimeanza kujivuna, nikaongeza sanduku la ujumbe, ili kompyuta ipokee hata nisipokuwepo na kumpa mtumaji mstari huu nilioutunga mwenyewe: "Ujumbe umepokelewa Same. Asante." Katibu wa Hospitali alifurahi sana. "Umepata msaidizi asiyeomba likizo," alisema, akafuta ratiba ya redio ya sauti.

Mwaka uliofuata Mama Elia, akiwa na mimba ya miezi saba, alipanda kwao mlimani kumsaidia mama yake kuvuna tangawizi. Jumamosi moja asubuhi akaanza kutoka damu, akapelekwa hospitali yetu. Damu ya akiba haikuwepo. Miaka ile damu ilitolewa na ndugu wa mgonjwa. Kaka zake wawili, ambao damu yao ilikuwa imepimwa ikalingana na yake, wote walifanya kazi Same. Muuguzi Mkunga aliniandikia: "Mkeo anatoka damu nyingi. Njoo na kaka zake sasa hivi."

Mimi nilikuwa kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, tukizibua mfereji. Kompyuta niliiacha ikiwaka, bila wasiwasi wowote. Nilirudi alasiri na matope miguuni, nikausoma ule ujumbe nikiwa nimesimama. Nilikimbia kuwatafuta shemeji zangu. Gari la hospitali lilikuwa limeegeshwa ofisini tangu asubuhi, dereva akiwa hapo hapo.

Tulipofika, Mkunga alikuwa mlangoni. Mama Elia na mtoto walikuwa wamekwisha kufariki.

"Baba Elia," alisema, "mbona mlisema mmepokea?"

Baada ya matanga, Katibu alituita mimi na Mkunga. Alimuuliza Mkunga, "Kwa nini hukuita kwa redio ya sauti?"

"Nilijibiwa, Katibu. Niliambiwa hata asante. Nikajua yuko njiani, nikawa natazama barabara."

Katibu akafungua faili la Mkunga na kushika kalamu aandike onyo. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayeniuliza neno. Nani angemhoji mfiwa?

"Usimwandike," nilisema. "Lile jibu niliandika mimi, miezi mingi kabla hajaniandikia kitu."

"Mzee, uko kwenye msiba."

"Niko msibani. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Aliniandika mimi, na ilikuwa haki. Hakunifukuza. Ratiba ya sauti ilirudishwa, nami nikabadilisha ule mstari ukawa: "Mashine imehifadhi. Hakuna mtu aliyesoma." Baadhi ya wakubwa waliona hauna adabu. Sikuubadilisha tena.

Vijana huniuliza kama damu ya shemeji zangu ingemwokoa. Nilimuuliza Mganga Mkuu, akasema hajui, na ninamshukuru kwa kutonidanganya. Kazi ile niliipenda, na bado naona ilikuwa kazi nzuri. Kosa langu ni kwamba niliifundisha mashine kushukuru kabla sijaifundisha kusema kwamba mwenyewe sipo.

Simu za mkononi zilipofika mlimani, kazi ya redio ikaisha, nami nikaomba kustaafu mapema. Siku ya mwisho niliketi mbele ya ile kompyuta nikisubiri kuizima. Ujumbe ukaingia kutoka kwa Mkunga: "Pumzika salama, Baba Elia." Mashine ikamwambia kwamba hakuna mtu aliyesoma. Nikaivuta kibodi karibu, nikamwandikia herufi moja moja: "Nimesoma mimi mwenyewe, Mkunga. Nipo hapa."