Kiganja Juu ya Spika

Fundi mitambo wa kikundi cha sifa hukaa nyuma kabisa ndani ya kanisa, na vidole vyake vinene hugusa vitufe kana kwamba vinapima joto la uji wa mtoto. Kila kitufe kina kipande cha plasta chenye mwandiko wake: "Gitaa", "Besi", "Mchungaji, usipandishe". Kabla ya ibada husema neno moja, "Jaribu," na waimbaji wote hukohoa kwenye maikrofoni. Miaka tisa ya kuwinda mikwaruzo imemchosha, hata maneno ya nyimbo hayamwingii tena. Jumapili hii amekuja na funguo za stoo mfukoni, azirudishe na kuacha kazi watu wakitawanyika.

"Kaka, besi yako inanguruma kama tumbo la njaa!" kiongozi wa waimbaji akamtania wakati wa kujaribu sauti. "Shusha, tafadhali!"

Akashusha. Ibada ilipoanza, bibi asiyesikia, yule wa benchi la mbele, akaweka kiganja juu ya spika kuhisi mtetemo, kama kawaida yake. Akakiinua, akakirudisha, kisha akageuka kumtazama fundi kama mtu aliyekatiwa simu. Kidole kinene kikapandisha besi taratibu. Bibi akafumba macho, midomo ikaanza kuimba.

Kiongozi akamkazia fundi macho kutoka mbele. Fundi akainama, akajifanya anatafuta kalamu, na kweli akaipata. Funguo zikigongana mfukoni, akabandua plasta ya besi na kuandika nyingine: "Ya Bibi. Usishushe."