Shuka Nyeupe za Shafa

Usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi ningesimuliwa haya na mtu mwingine, ningeitikia kwa adabu kisha nikageuza mazungumzo. Lakini yalinipata mimi, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na watu kumi na mmoja walinitafuta kwa saa tatu. Wapo, wako hai, waulize.

Mimi ni mtu wa Wundanyi, kule Taita. Nafanya kazi ya maabara katika hospitali moja Jeddah, na nakaa mtaa wa Al-Nuzha. Tuna kikundi chetu cha kupanda milima, Wakenya na Watanzania, wauguzi, walimu, mafundi. Kiongozi wetu ni Wafula, mwalimu wa hesabu, mtu wa kuhesabu watu kila baada ya nusu saa mpaka unachoka. Kiangazi hatuendi popote, jua la huku halina mchezo. Baridi ikiingia ndipo tunapotoka, Ijumaa alfajiri, tunapanda ile barabara ya Al-Hada yenye kona kama utumbo wa mbuzi, nyani wamekaa ukingoni wakingojea ndizi, mpaka Shafa, juu ya Taif. Jeddah umeacha watu wanatokwa jasho. Kule juu unavaa sweta mbili na bado meno yanagongana.

Siku yaliponipata haya ulikuwa umepita mwezi mmoja tangu mama yangu afariki. Sikumzika. Karatasi za ruhusa ya kutoka nchini na kurudi zilichelewa, nikatazama mazishi kwenye simu, picha ikikwama kila mara. Jeneza lilishushwa mimi nikitazama uso wa mjomba ulioganda kwenye skrini. Mercy ndiye aliyenilazimisha kwenda mlimani. Mercy ni muuguzi, tuliwahi kukaa chumba kimoja mtaa wa Shumaisi nilipokuwa Riyadh. Yeye bado yuko huko, na alipanda basi kituo cha Batha akaja Jeddah kwa ajili yangu tu.

"Twende utembee," aliniambia. "Ukikaa chumbani utaoza."

Tulitembea kama saa moja katikati ya mitarakwa, miti ile ile tuliyonayo milimani kwetu, harufu yake ile ile. Kisha ukungu ukaja. Sikushtuka. Mtoto aliyekulia katika ukungu wa Wundanyi atauogopaje? Nilikuwa nyuma kabisa, sikutaka mtu aone ninavyolia. Mbele yangu jaketi jekundu la Mercy likafifia likawa la waridi, kisha halikuwepo. Nikasimama. Hapo nikasikia maji yakichuruzika, na kitambaa kikikung'utwa hewani, pa, pa, kama mtu anayetaka kuanika.

Nikaifuata sauti. Leo nisingeifuata.

Niliona shuka nyeupe, nyingi, zimeanikwa kwenye kamba kutoka mti hadi mti, safu nyuma ya safu, mwisho wake siuoni. Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na njia ya gari. Katikati ya shuka alisimama mwanamke mweusi kama mimi, amevaa gauni la maua la dada wa kazi, kitambaa kichwani, ndara za plastiki miguuni. Baridi yote ile, na hatetemeki.

"Afadhali umekuja," akasema, kwa Kiswahili, na lafudhi ya pwani ya Kenya. "Hebu shika huko. Peke yangu haikamuliki."

Wewe ungefanyaje? Shuka iliyolowa yataka watu wawili, kila anayefua anajua. Nikashika. Yeye akazungusha kulia, mimi kushoto, maji yakamwagika kati yetu. Nikatazama chini. Majani yalikuwa makavu. Maji yalikuwa yakianguka mbele ya macho yangu na hayalowanishi kitu, nami nikaliona hilo, na niamini, sikujali.

Sikujali kwa sababu nilikuwa nasikia raha. Hapa ndipo maneno yananipungukia. Kila shuka tuliyoikamua, kitu kifuani kililegea. Lile donge nililolala nalo mwezi mzima liliyeyuka taratibu, kama sukari kwenye chai. Mwanga haukupungua wala kuongezeka. Tulikamua, tukaanika, tukashika nyingine, na mimi nikawa nawaza, niteremke kwenda wapi? Kazi hii haina uchungu. Ningeweza kukaa.

Sijui ilikuwa shuka ya ngapi nilipotaka kumwambia yule dada kwamba mama yangu naye alikuwa akikamua nguo hivi hivi, akizizungusha kwa nguvu huku akiuma midomo. Nikaitafuta ile midomo akilini, nikaikosa. Nikautafuta uso. Niliipata leso yake, nikaipata mikono yake, lakini pale pa uso palikuwa peupe kama shuka niliyokuwa nimeishika.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nikataka kuachia, vidole havikunisikia. Kwa mbali sana ilisikika filimbi ya Wafula. Nikaita, na ukungu ukaimeza sauti yangu. Yule dada akaendelea kuzungusha upande wake.

Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Usitegemee nikwambie niliona kwato au macho mekundu. Niliona mtu aliyechoka, basi. Na sijui ni nini kilichonisukuma kuuliza nilichouliza.

"Dada, jina lako nani?"

Mikono yake ikasimama.

"Jina," akasema, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni. "Hapa huniita taali."

Taali, yaani njoo. Kila aliyewahi kufanya kazi ndani ya nyumba za huku amelisikia.

"Hilo si jina. Nyumbani walikuitaje?"

"Nyumbani." Akafikiri sana. "Kulikuwa na mbuzi wa pembe moja. Alikuwa anakula nguo kwenye kamba. Mama alikuwa ananiita nije nimfukuze."

"Akikuita anasemaje?"

Midomo yake ikajaribu, ikakosea, ikajaribu tena. Kisha ikatoka sauti ambayo haikuwa yake, sauti ya mama mtu mzima anayeita akiwa mlangoni, nusu hasira, nusu mapenzi.

"Kadzo. We Kadzo."

Akaachia shuka, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Na mimi vidole vyangu vikafunguka.

"Nenda," akaniambia, analia na anacheka. "Hizi zitakauka zenyewe."

Mercy alinikuta nimekaa chini ya mtarakwa, jua linawaka, mikono nimeinyoosha mbele. Ilikuwa imeshapita adhuhuri. Waliupita mti ule mara mbili na hawakuniona. Alinikumbatia, halafu akanigombeza.

"Tumekuita mpaka koo zikakauka. Ulikuwa wapi?"

Nilimwonyesha viganja. Vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyefua siku nzima.

Tulipoteremka barabarani, mzee mmoja muuza asali aliviona viganja hivyo nilipokuwa napokea chai. Akamwambia Wafula kwa Kiarabu kwamba pale juu zamani palikuwa na nyumba kubwa, watu walikuja kupumzika kiangazi, ikabomolewa. Wafula akataka kujua zaidi. Mzee akasema halas, yaani basi, yameisha, akageukia mitungi yake.

Likizo iliyofuata nilifika Kaloleni, kule pwani ambako jina Kadzo ni la kawaida, nikauliza. Kina Kadzo waliokwenda Uarabuni na hawakurudi ni wengi, usiombe kuwajua. Kila mama niliyemkuta alitaka awe ni wake. Nikaacha kuuliza.

Viganja vyangu vilirudi kuwa vya kawaida baada ya wiki moja. Uso wa mama ulirudi usiku ule ule, kwenye gari, nikalia njia nzima mpaka Jeddah. Sauti yake haikurudi. Simu yangu ina jumbe zake za sauti zaidi ya arobaini, ananisalimia, ananikumbusha kula. Nazisikiliza mara kwa mara. Namsikia mwanamke fulani mwema akisema na mtu anayempenda, na simjui.

Kwa hiyo ukipanda Shafa majira ya baridi, ukaona nguo zimeanikwa mahali pasipo nyumba, pita, hata kama una majonzi, hasa kama una majonzi. Na ikiwa umeshashika upande wako, usikae kuonja ile raha. Muulize anayekamua nawe jina lake upesi, kabla hujaanza kutafuta la kwako.